Mluzi Kifuani mwa Mwanahawa

Nakumbuka siku moja kule Mbwera, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa nchini, nyumbani kwa mama mkwe wangu, Bibi Somoe. Tuliokuwepo ni yeye. Binti yake Mwanahawa, wifi yangu. Mtoro, kaka yake Bibi Somoe, aliyekuwa mganga. Na mimi, mkaza mwana.

Sikia, mwanangu. Mwanahawa alikausha samaki kwa moshi tangu usichana, mpaka mapafu yakachakaa. Hospitali walimweleza kuwa hayatarudi upya, lakini wakamfundisha mazoezi: atembee kila siku, ainue mikono, avute pumzi puani na kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama apozaye uji.

Basi akawa anatembea alfajiri. Ukungu umelala juu ya mikoko, mtu humwoni. Unasikia tu mluzi mwembamba unakuja, kisha fuuu ndefu, kisha kimya. Na mluzi kwetu huita mashetani. Majirani wakafunga milango, wakasema yupo anayemfuata nyuma.

Mtoro akaja na chetezo, amtoe huyo jini. Akamketisha Mwanahawa, akamfunika kaniki, akasukuma ubani ukifuka chini yake. Nilimuuliza kama moshi hautamdhuru, akanijibu dawa ya moto ni moto. Ndani ya nguo mluzi ukapanda, ukawa kama uzi, ukakatika.

Mtoro akatabasamu. "Ametoka."

Bibi Somoe akaivuta ile kaniki. Midomo ya mwanawe ilikuwa rangi ya jivu.

"Kaka, aliyekuwa akitoka ni mwanangu."

Tukamtoa nje hadi barazani. Akaegemea magoti, akapuliza, akapuliza, mluzi ukarudi. Alipopata pumzi akasema, "Mjomba, huyo jini wako mvivu. Angekuwepo, si angenibebea ndoo?"

Kesho yake mama yake akatembea naye. Majirani waliposikia nyayo za wawili, ndiyo kwanza wakazidi kuogopa. Haba na haba, wakafika kisimani, halafu shambani. Masika moja Mwanahawa aliacha mazoezi, akawa anahema hata akioga, akaanza upya. Miaka mingi baadaye, kwa mapafu yale yale mabovu, alivuna mpunga wake mwenyewe, akipumzika na kuendelea.

Mwanangu, mwenye pumzi fupi usimfungie ndani, wala usimfukize. Muondolee moshi, umtembeze kama walivyomwelekeza hospitalini. Na akipata nafuu asiache, maana nafuu hiyo hulishwa kila siku. Mungu akujaalie pumzi, na mtu wa kutembea naye. Nami kama nimekosea jina au udugu wa yeyote, ninyi wa Mbwera nisahihisheni.