Majani ya Usingizi wa Mama

Mche wenyewe niliupata Butiama, kwa mama mmoja anayeuza miche ya matunda na maua. Majani yake yanafanana na mnanaa, ila ukiyafikicha yananukia limao. Muuzaji akaniambia ukinywa chai yake jioni usingizi unakuja wenyewe. Sikubishana bei. Mama yangu kule Kisorya alikuwa hapati usingizi, na muuguzi wa zahanati alishamwambia wazi kwamba presha haitashuka kama hapumziki.

Nikaupanda kwa mikono yangu nyuma ya jiko lake, nikamweleza: majani kiasi cha kiganja, maji ya moto, funika, basi. Usitie majani ya chai wala maziwa. Mama aliniangalia kama nimemwambia asonge ugali kwa maji baridi. Sisi tumekua na ng'ombe. Chai kavu kwetu ni ya mtu aliyeishiwa.

"Hayo ni maji ya kunawia," alisema. "Wageni wakija nitakuwa nawapaga hayo?"

Nilirudi Musoma, ninakofanya kazi. Nilipokuja tena nikakuta sufuria nzima: majani yangu, majani ya chai, maziwa na sukari, vyote vinatokota pamoja. Nilikasirika. Mtu unamletea dawa ya usingizi, naye anaichanganya na kitu kinachofukuza usingizi. Nilisema mpaka koo likakauka. Akaitikia "sawa mwanangu", ile sawa ya mama ambayo unajua kabisa umepuuzwa.

Halafu akaanza kulala. Alinipigia simu mwenyewe.

"Siku hizi nalalaga mpaka asubuhi," alisema. "Na maziwa nimeacha."

Nilivimba kichwa. Kazini niliwachosha wenzangu kwa sifa za ule mmea, mpaka wengine wakaniagiza miche. Nilipanga nikipita Butiama nibebe mingi.

Nilipokwenda kumwona tena, macho yake yalikuwa mekundu na presha imepanda. Mmea umestawi, majani yamechumwa vizuri, kikombe anakifunika kama nilivyoelekeza. Nikamuuliza, kwa ukali ambao sikuuficha, sasa shida iko wapi.

"Giza limerudi," akasema. "Mdogo wako yuko ziwani."

Mdogo wangu, anayeishi na mama, anavua dagaa kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, na wavuvi wanalala majumbani. Giza likirudi wanaingia ziwani. Nimezaliwa palepale, hayo nayajua tangu sijaanza shule. Na bado niliyapa majani sifa ya kazi iliyofanywa na mbalamwezi.

"Mama, ufunguo wa mlango si anao? Wewe lala tu."

"Anao. Lakini nikilala nitajuaje kama amerudi?"

Swali hilo lilinikera kuliko ile sufuria ya maziwa. Jioni ile akaniletea kikombe kimefunikwa kisahani, majani na maji matupu, sawasawa na nilivyomfundisha.

"Kunywa wewe," akasema. "Kesho una safari."

Nikanywa nimenuna. Nililala fofofo, sikuwa nimelala hivyo kwa muda mrefu. Asubuhi nguo za mdogo wangu zilikuwa kwenye kamba, bado zinachuruzika, na mama alikuwa jikoni, macho mekundu vilevile, anamchemshia chai ya maziwa.