Ripoti ya Maji ya Mashimoni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokuwa kijana mwenye cheti kipya cha ukaguzi wa maji, nilitoka mtaa wa Gatina nilikopanga chumba nikaenda mtaa wa Mashimoni. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimeniomba nikague kioski chao cha maji. Nililifuata bomba nikalikuta limepasuka ndani ya mtaro wa maji taka. Nilishtuka sana.

Lakini mwenyekiti wao, Mama Awuor, alikuwa mtu wa kuheshimiwa, nami sikutaka kumwaibisha. Basi nikaandika ripoti kama hotuba ya harambee: itifaki, shukrani, pongezi kwa uongozi bora. Bomba nikaliweka ukurasa wa mwisho, nikaliita “changamoto ya miundombinu”. Nikajiona muungwana, masikini mimi.

Mama Awuor aliwasomea wanachama ukurasa wa kwanza. Wakapiga makofi, chai ikaletwa. Kesho yake foleni ya mitungi ilikuwa palepale.

Haukupita muda mjukuu wake akaharisha hadi akalazwa. Nilikwenda kumwona. Mtoto alikuwa na dripu mkononi, macho yameingia ndani. Nyanya yake hakunisalimu.

“Hiyo bomba, ulikuwa unajua imepasuka?”

“Nilijua, mama. Iko ukurasa wa mwisho.”

“Sasa uliandikia nani? Sisi ndio tunakunywa hiyo maji. Si ungeniambia tu, ‘Mama, funga maji’? Ningekasirika, lakini ningefunga!”

Mjukuu wake alipona, namshukuru Mungu. Mtoto wa jirani yake, aliyeugua kwa maji yaleyale, hakupona. Nilikwenda mwenyewe kumweleza mamake niliyoyaona mtaroni na jinsi nilivyoyaandika, na sijawahi kusema jambo zito kama lile.

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha, wakaumbuka wengine.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayeingia kazi hii, kabla hujaandika mfikirie atakayesoma. Jambo la hatari litangulie, kwa maneno ambayo mama wa kioski atayaelewa huku wateja wakimwita. Sema kilichoharibika, nani ataumia, na kifanywe nini leo. Pongezi zitangoja, haziozi. Ukimheshimu mtu, mwonye mapema, hata akinuna.

Mungu akupe moyo wa kusema wazi, akulinde na woga unaojiita adabu, na kalamu yako isimzike mtoto wa mtu.