Mtu wa Mashine Haamkiwi

Sisi watu wa pwani adabu itatuua, na haki ya kusema hivyo ninayo, maana damu yake nimeiosha mimi kwa mikono yangu.

Mume wangu alikuwa seremala. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, Malindi ilipokuwa ikiota majumba kando ya bahari, alinunua kwa Muitaliano mmoja mashine kuukuu ya kupasulia mbao: meza ya chuma, na katikati yake msumeno wa duara unaozungushwa na umeme. Akaiweka kwenye banda nyuma ya nyumba yetu, kule mtaa wa Barani. Ikiwashwa, vikombe vilitetemeka kabatini na kuku walikimbilia kwa jirani.

Usidhani alikuwa mzembe. Loo! Mtu yule alikuwa na masharti kuliko mganga. Kikoi bandani marufuku, kaptura tu. Mimi na leso yangu nisivuke kizingiti. Kabla ya kubadilisha msumeno alichomoa waya ukutani, hakutosheka na kuzima swichi. Ubao ukibaki mfupi hausukumi kwa vidole. Alikuwa na kijiti chake cha mkoko alichokichonga mwenyewe, cha kazi hiyo tu. Na sharti kubwa kuliko yote: mtu akiwa kwenye mashine haamkiwi, haitwi, haulizwi kitu. Usimame mlangoni kimya mpaka azime, ndipo useme ulilonalo.

Mie nilizoea. Mara ngapi nimesimama pale na chai mkononi mpaka ikaota ngozi juu. Aliyeshindwa kuzoea ni babangu.

Babangu alikuwa mzee wa mtaa wa Shela, mjini Malindi, wa kanzu iliyopigwa pasi na bakora. Kwake yeye salamu ndiyo mtu. Aliweza kurudi nyuma barabara nzima kumuuliza mtoto wa watu kwa nini amempita kama anapita gogo. Na ndoa yangu aliikubali shingo upande, kwa kuwa mume wangu ni mtu wa Kakuyuni, mtoto wa wakulima, na Uislamu ameuingia ukubwani. "Tutaona kama ana adabu," alisema. Na kweli akawa anangoja kuona.

Siku ya kwanza aliyokuja tangu mashine ifike, alipitia mlango wa uani, moja kwa moja hadi bandani, akatoa salamu. Mume wangu alikuwa katikati ya ubao. Hakuinua kichwa. Baba akarudia kwa sauti ya juu. Ikajibu mashine. Nilipotoka jikoni mbio, kanzu ilikuwa imeshafika njiani.

"Hata paka akiitwa hugeuza shingo," aliniambia, wala asinitazame.

Akasusa. Idi tukaenda sisi kwake. Mume wangu akainama, akambusu mkono, na baba akautoa mkono ule kama anayemtupia mtu sadaka. Nikarudi peke yangu kumweleza. "Baba, ile mashine haina mchezo. Akikutazama wewe, itamla."

"Salamu ni neno moja tu," akanijibu. "Neno moja linamla mtu?"

Nikakosa raha, wallahi. Kila mmoja ana haki yake, na mimi ndiye ninayelala na mmoja na niliyezaliwa na mwingine. Lakini aliyeumia zaidi ni mume wangu, kwa sababu alijua anavyosemwa huko mjini: mshamba, hana adabu, hajui wakubwa. Alisema siku moja, akiwa anafagia vumbi la mbao, "Akija tena atanikuta na adabu zangu." Nilifurahi kusikia hivyo. Mjinga mie, nilifurahi.

Baba akaja. Ilikuwa asubuhi, na mkononi ana kifurushi cha halua, nikajua amekuja kusuluhu. Nilimwona dirishani anakatiza uani, na mashine inalia. Nikapiga ukelele, "Baba, ngoja!" Nani angesikia? Akasimama mlangoni mwa banda, akasema, "Asalaam aleikum."

Mume wangu akainua uso. Alikuwa anatabasamu. Akaweka kijiti chini, akanyoosha mkono wa kulia, akasema, "Shikamoo, baba." Ubao ulikuwa bado mdomoni mwa msumeno. Ukaruka, ukampiga mkono, na mkono ukaangukia kwenye meno.

Baba alikuwa ameshafungua kinywa aseme marahaba. Hakuisema.

Vilikatika vidole vitatu. Hospitalini watu walikuja kutupa pole, kila mmoja na lake lile lile: ajali haina kinga. Nikawafokea. Ina kinga! Kinga ni kijiti, kinga ni swichi, kinga ni mtu mzima kufunga mdomo wake kidogo tu! Wakanitoa nje, wakasema nimechanganyikiwa.

Mashine tukaiuza. Mkono ule akauficha mfukoni, na wa kushoto hakuthubutu kumpa mtu, si tusi hilo? Basi akaanza kukwepa watu. Akipita vichochoroni, na msikitini akitoka kabla watu hawajapeana mikono. Wageni wa mtaa wakamwita mwenye kiburi.

Babangu naye alikuja mara kwa mara, lakini hodi hakupiga tena. Alisimama uani juani, kimya, kana kwamba mashine ingali inalia, mpaka nitokee nimwone. Mume wangu akisema, "Shikamoo, baba," mzee huinua kiganja. "Usiniamkie, mwanangu. Nakuomba." Mzee aliyeishi kwa salamu! Marahaba hakumjibu hata siku moja, na alikufa hajamjibu.

Siku ya maziko, mume wangu alisema viunza, zile mbao za kumfunikia maiti kaburini, atavikata yeye. Akaingia bandani na msumeno wa mkono, akikata kwa kushoto. Wazee wa Shela wakaja kuvichukua, wakiwa tayari kubisha hodi. Nikawazuia mlangoni na buibui langu.

"Subirini. Yuko kazini."

Walinitazama vibaya, lakini walisubiri. Tulisikia msumeno ukienda na kurudi, taratibu, mpaka ukanyamaza. Mume wangu akatoka na vumbi kifuani. Akautoa mkono wa kulia mfukoni, akawapa mkono wa tanzia, mmoja mmoja, nao wakaupokea. Wa mwisho alikuwa mzee wa rika la babangu. Mume wangu akainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu.

Hapo ndipo mume wangu alipolia.