Jezi Kumi na Moja

Nikifungua chupa ya dawa ya kuchua, harufu huchoma macho, nami niko tena kwenye uwanja wetu wa vumbi jekundu pale Voi, kifua wazi.

Kocha wa shule alikuwa baba yangu. Alicheza mpira mpaka goti likavunjika. Nyumbani alibandika ukutani picha ya kocha mmoja Mreno, iliyokatwa gazetini.

"Huyu uchezaji wake ulikuwa wa kawaida tu," alipenda kusema. "Ukocha ndio uliomfanya aogopwe. Kocha hana mtoto."

Siku hiyo tulicheza na wavulana wa Kishushe, waliofika wamesimama ndani ya lori la ng'ombe. Nikabaki mimi na kipa wao peke yetu. Akateleza, akapasua goti kwenye kokoto, akalia. Nikauacha mpira, nikamshika mkono.

"Toka!" baba akafoka. "Huruma peleka kanisani!"

Tulikuwa na jezi kumi na moja tu, kwa hiyo anayetoka humvulia anayeingia. Nikavua. Alama za mshipi wa baba, za juzi, zilikuwa bado mbichi mgongoni, na uwanja mzima ukaziona.

"Simama hapo hapo mpaka filimbi ya mwisho," akasema, macho yake kwenye mpira.

Siku hizi hatembei. Kila jioni namchua goti. Leo amenishika mkono.

"Polepole, mwanangu. Inauma."

Mreno bado yuko ukutani, amekuwa rangi ya chai. Nikaongeza dawa, nikakandamiza palepale.