Jicho la Kushoto la Mjomba

Mjomba wangu alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Mlipuko wakati wa mazoezi ulimrushia mawe usoni, na tangu hapo jicho lake la kushoto huona mwanga na vivuli tu. Alipostaafu alirudi Kathiani kulima, na kazi ya kufuatilia malipo yake ya ulemavu ikawa yangu. Rekodi za jeshi zilithibitisha jeraha. Kilichobaki kilikuwa kipimo cha sasa. Bila hicho dai lingekataliwa.

Tulikwenda hospitalini Machakos kwa pikapu yake, yeye akiendesha kama kawaida. Daktari, mwanamke wa umri wa binti yangu, alimfunika jicho la kulia akamwonyesha chati ya herufi ukutani. Mjomba alinyoosha mgongo, akasoma mstari wa juu, kisha uliofuata, akashuka hadi herufi za chini ambazo mimi mwenyewe huziona kwa miwani tu.

"Mzee, jicho hili ni zima," daktari alisema, akaanza kuandika.

Nilimsogelea mjomba. "Umeona nini pale?"

"Ukuta."

"Na herufi?"

"Hizo nazijua. Chati ni ile ile ya kambini. Tulipimwa kila mwaka, na dereva akishindwa alipelekwa jikoni kumenya viazi. Mimi sikumenya."

"Leo hatutafuti kazi ya udereva, mjomba."

"Najua, mwiwa." Ndivyo Wakamba humwita mtoto wa dada. "Lakini nikiona koti jeupe, mdomo unajibu wenyewe."

Nilimweleza daktari. Hakucheka. Aliibandua chati, akasimama palepale na kuinua mkono. "Vidole vingapi, mzee?"

Nilihofia mjomba atabahatisha, maana tayari midomo yake ilikuwa inatafuta jibu. Daktari akasogea, akauliza tena, akasogea mpaka vidole vikawa mbele ya pua ya mjomba.

"Sioni, daktari."

Sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo. Alilisema mikono ikiwa imenyooka ubavuni, kama anayeripoti kwa mkubwa wake. Daktari alikata alichoandika, akaandika upya.

"Hiyo haitafika kwa watu wa leseni?" mjomba aliuliza.

"Inaenda jeshini tu, mzee. Jicho la kulia linakutosha."

Tulipofika kwenye pikapu, alizunguka upande wa abiria akanirushia funguo.

"Endesha wewe," alisema.