Sanduku Lisilo na Bawaba

Kama hujawahi kupiga randa ubao wa mninga uliokauka vizuri, nakuhurumia. Mara ya kwanza unaona vumbi la kijivu tu. Mara ya pili bado ni ubao wa kawaida. Halafu randa inateleza, na ghafla rangi inajitokeza, wekundu uliochanganyika na asali, na mistari yake inapinda inakotaka yenyewe. Mimi nilikuwa nashangilia peke yangu nyuma ya nyumba. Majirani pale Kahama walishazoea, wakawaambia wageni wao kwamba yule si mgonjwa, ni mbao tu.

Kazi yangu ya mshahara ilikuwa kupima pamba kwenye chama cha ushirika. Msimu ukiisha, nilihamia kwenye kibanda ambacho zamani kilikuwa cha kuku. Mbao nilizipata kwa wapasuaji wa msitu wa upande wa Bukombe, watu waliokuwa wakiinjika chai kwa mabaki ya mninga na mpingo. Moyo wangu ulikuwa unauma kuona mpingo unachemsha chai! Nikawaomba mabaki, nikawa natengeneza visanduku vidogo vya kuwekea rozari, shanga, uzi na sindano. Nilichimba kijifereji chembamba kuzunguka kifuniko, nikachomeka kijiti cheusi cha mpingo, nikasugua nta ya nyuki hadi kidole kinateleza. Sikumjua mtu mwenye raha kunishinda.

Ndipo nikaposa Ushirombo.

Mchumba wangu alilelewa na shangazi yake, dada wa baba yake, mama mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mbuga. Mahari ilizungumzwa ikaisha vizuri. Kikabaki kitu kimoja, sanduku. Upande wa bwana harusi hupeleka sanduku la nguo, na siku ya harusi shangazi wa binti hulifungua mbele ya watu, anatoa khanga mojamoja, kila moja na vigelegele vyake. Lakini ile ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, vita vimekwisha na maduka ni matupu. Ungeweza kupata jino la simba kabla ya kupata sanduku jipya la bati. Kwa hiyo sisi wa barabara ya Kahama na Ushirombo tulikuwa na sanduku moja. La kijani, la mfanyabiashara mmoja, limebonyea pembeni. Kila bwana harusi aliliazima, kila bibi harusi alilipokea kwa shangwe, na Jumatatu baada ya harusi lilirudi kwa mwenyewe. Kila mtu alilijua bonde lake, na kila mtu alipiga vigelegele kana kwamba analiona kwa mara ya kwanza.

"Mkwe wangu," shangazi aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "dada yake huyu nilimfungulia lile la kijani. Jumatatu wakaja kulichukua. Mtoto akabaki na nguo zake kwenye mkeka, analia. Huyu silifungui. Ukija nalo, utarudi nalo, na harusi mtafungia hukohuko Kahama bila mimi."

Bila shangazi hakuna harusi. Hilo halikuhitaji mkalimani.

"Nitakuja na langu," nikasema.

"Utalitoa wapi?"

"Nitalitengeneza."

Akanitazama mikono, akacheka. Mchumba wangu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, hakucheka. Njia nzima ya kurudi niliona macho yake.

Jamani, nilifanya kazi kiangazi kile! Nilipata ubao mmoja mpana wa mninga, usio na fundo hata moja, nikaulinda hata wakwe wasingeweza kuugusa. Misumari haikuwepo, nikafunga pembe kwa meno yanayong'atana na vijiti vya mpingo. Bawaba hazikuwepo, nikaamua kifuniko kisiwe na bawaba: kiwe ubao mzima unaozama ndani ya sanduku na kukaa juu ya ukingo mwembamba, na katikati kishikio cha mpingo. Nikawa napunguza, najaribu, napunguza utepe mwembamba unaopitisha mwanga, najaribu tena.

Siku kilipoingia sawasawa nilikiachia, na hakikuanguka. Kilishuka polepole, chenyewe, kikiminya hewa iliyokuwa ndani, hadi kikatua bila sauti. Nikakitoa. Nikakiachia tena. Nikamwita mama yangu, nikawaita majirani, nikamwita na mpita njia aliyekuwa anakwenda zake gulioni. Watu wakawa wanakuja kuangalia kifuniko kinavyoshuka, na mimi nikieleza kwamba hata unywele haupiti. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini siku zile nani alikuwa na habari ya mgema?

Mama akapakia. Khanga alizipata kwa tabu, moja kwenye duka la ushirika, moja kwa ndugu wa Shinyanga, kitenge kwa mchimba dhahabu aliyetoka Geita akiwa na haraka. Ya mwisho ilipoingia, mvua zilikuwa hazijaanza na vumbi linatimka. Akashusha kifuniko.

"Bhebhe, wewe, usiliguse tena," akaniambia. "Likishapakiwa, mkono wa kulifungua ni wa shangazi."

Nami nikatii. Harusi ilipangwa baada ya Noeli, kabla ya Kwaresima, na mvua zilipokuja zilikuja kweli. Sanduku lilikaa chumbani wiki hizo zote likinywa unyevu. Siku ya safari tulilipeleka Ushirombo juu ya lori, chini ya turubai linalovuja.

Misa ikaisha. Tukarudi kwa shangazi, watu wamejaa uani, na sanduku likawekwa juu ya meza katikati. Kina mama wakasogea, wakagusa ile mistari ya mpingo, mmoja akanusa nta. Nilijisikia mrefu kuliko kanisa. Shangazi akajifunga khanga kiunoni, akashika kishikio, akavuta.

Hakikutoka.

Akavuta tena, meza ikainuka. Akaja mjomba wa binti, akavuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mtu nyuma akasema taratibu, "Sanduku limekataa." Neno hilo likazunguka ua mzima. Nikaelewa papo hapo. Nilikuwa nimekikata kifuniko kwenye ukame hadi unywele usipite, na mbao zimekuja kunenepa masika. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amekaza macho kwenye lile sanduku, mikono imebana kitambaa cha gauni, na nilijua anachofikiri: ya dada yake ilikuwa aibu ya Jumatatu, yake inatokea Jumamosi mbele ya watu wote.

Kijana mmoja akaleta shoka. Shangazi akamtazama mpaka akalirudisha.

"Mkwe," akaniita, "wewe uliyelitengeneza. Lina nini?"

"Limelowa, shangazi. Limevimba."

"Kiti kikilowa hapa tunafanyaje?"

"Tunakiweka karibu na moto."

"Basi." Akawageukia watu. "Leo tutakula kwanza. Sanduku litafunguliwa baadaye."

Hilo halikuwahi kutokea, kula kabla ya kufungua, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na wali ulishaanza kunukia. Hakuna aliyebisha. Wakalibeba hadi jikoni, wakalisimamisha mkabala na mafiga ya masufuria makubwa. Mimi na suti yangu ya kuazima nikachuchumaa kando, nikiligeuza upande huu na huu, maana mninga ukikaushwa kwa pupa unapasuka. Nje ngoma inapigwa. Ndani nilisikia ubao unalia, tik, na moyo wangu ukalia nao. Nikasogeza mbali kidogo. Nikasogeza karibu. Sijawahi kumwomba Mungu namna ile hata siku ya ubatizo wa wanangu.

Sufuria za mwisho zilipokuwa zinateremshwa, niligusa kishikio nikahisi kimecheza. Nikaondoa mkono haraka, ule haukuwa mkono wa kufungua. Nikamwita shangazi.

Hakusubiri lirudishwe mezani. Alikamata kishikio palepale jikoni, akavuta, na kifuniko kikatoka kikivuta pumzi. Akatoa khanga ya kwanza, kavu kabisa, hata tone halikuingia. Vigelegele vilivyopigwa na wapishi vilisikika hadi barabarani, ua mzima ukaja kuingia jikoni, na mimi nililia waziwazi wala sikujifuta. Ufa mdogo ulibaki pembeni ya mpingo. Upo mpaka leo.

Kabla hatujaondoka, binamu yangu aliyekuwa anaoa baada ya Pasaka alikuwa keshaniuliza kama nitamwazima hilo sanduku. Nilicheka tu, nikasahau.

Jumatatu asubuhi, nyumbani kwetu Kahama, nilirudi kutoka kisimani nikamkuta mke wangu amekaa sakafuni. Khanga zote na kitenge alikuwa amezikunja vizuri na kuzipanga juu ya mkeka. Sanduku lilikuwa tupu karibu na mlango, limepanguswa, kifuniko kimeegemezwa ukutani.

"Nimeshatoa vyangu," akasema bila kuniangalia. "Wakija, wasisubiri."

"Nani?"

"Watakaolichukua."

Nikaweka ndoo chini. Nikalibeba sanduku kutoka mlangoni, nikaliingiza chumbani, nikalisukuma hadi chini ya dirisha, upande wake wa kitanda. Akanifuata, akasimama mlangoni.

"Hakuna anayekuja," nikamwambia.

Akaenda kuchukua khanga ya kwanza kutoka kwenye mkeka, akaja kuirudisha ndani, akaenda kuchukua ya pili. Kifuniko tulikiacha ukutani mpaka mvua zilipokatika.