Hodhi Fupi la Baba

Haya sikusimuliwa. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Nakuru, miaka ile ya hamsini ziwa lilipokauka na vumbi jeupe likawa ndilo chumvi ya kila mlo. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi tumalizane, maana nikifika katikati sitaki kukatizwa. Nimeshachekwa na watu wenye midomo mikubwa kuliko wako.

Baba yangu alikuwa mtu wa Mombasa aliyeletwa bara na reli. Aliwapikia wakubwa wa reli miaka mingi, na alipostaafu akajenga nyumba ya mabati pale Bondeni, akaapa kwamba baridi ya Nakuru haitamweza. Baridi ikamsikia. Mwaka ule miguu yake ilianza kufa ganzi, wa kulia zaidi kuliko wa kushoto, hadi ikashindwa kumfikisha msikitini. Usiku nilimsikia akiisugua na kuisemesha kama watoto watundu. Nikampeleka hospitalini, na dresa mmoja, yule wa kufunga vidonda, akaniita pembeni.

"Dada, huyu mzee mloweke mwili mzima kwa maji moto ya chumvi, kila siku," akaniambia. "Hii baridi ikipanda mpaka kwa moyo, sisi hapa hatuna dawa."

Maneno hayo yalinikaa kifuani kama donge la ugali lisiloshuka. Mama alikuwa ameshatutoka. Kaka yangu Salimu aliishi mtaa uleule lakini alikuwa na watoto wake wa kuwahangaikia. Baba alikuwa wangu mimi, na niliogopa kumpoteza, nasema bila haya.

Haya, kumloweka wapi? Karai la kufulia lilimfika kwenye vifundo tu. Nikaamua tununue hodhi la kuogea, lile la Wazungu, unalolijaza maji ukaingia mzimamzima. Baba aliposikia alikuja juu.

"Mimi mtu mzima nijiloweke kama maharage?" akasema. "Nikae ndani ya uchafu wangu mwenyewe, kisha niseme nimeoga?"

"Utajisuuza ukimaliza, Baba."

"Kaloweke nguo, mwanangu. Mimi niache."

Ubishi wa Baba haukuwa tatizo, nilishauzoea. Tatizo lilikuwa bafu lenyewe. Lilikuwa dogo, nakwambia, ukiinama kuokota sabuni unagonga ukuta wa jikoni kwa makalio. Hodhi likiwa refu halingeingia. Likiwa fupi mno, mgonjwa wangu angetoka na maumivu ya mgongo juu ya yale ya miguu. Nilitaka dogo, lakini la kumstarehesha.

Basi nikachukua kamba ya katani nikapima bafu, toka mlangoni hadi kwenye tundu la kutolea maji. Halafu nikaona ni vyema nijue na urefu wa Baba. Kumwomba asimame apimwe ilikuwa sawa na kuanza vita upya. Nikangoja amalize sala ya adhuhuri, akajinyoosha kitandani, usingizi ukamchukua. Alilala chali, macho ameyafumba, mikono kifuani. Nikaunyoosha ule mguu wake wa kulia taratibu asiamke. Nikatandaza uzi mweupe wa pamba toka utosini hadi kisiginoni, nikafunga fundo kila ncha, nikaukata na kuutia kifuani mwangu ndani ya buibui. Kisha nikatoka kumwita Wafula, jirani yetu mwenye mkokoteni.

Umeona nilichofanya? Mimi sikukiona. Nimezaliwa na kukulia katika misiba ya watu wetu, na siku ile sikukiona.

Karibu na stesheni palikuwa na Mhindi mmoja aliyeuza vitu vikuukuu vya masetla wa Kizungu waliokuwa wakirudi kwao. Nilipofika, upepo ulikuwa umeshaamka kutoka upande wa ziwa, na kila kitu uwanjani kilikuwa cheupe: vitanda, majiko, kofia ya Mhindi, kope zangu. Mahodhi yalikuwa yamepangwa ukutani. Moja la bati, jembamba, ambalo maji yangepoa kabla Baba hajamaliza kulalamika. Moja refu la chuma lenye miguu ya simba, zito, la kifahari. Na jingine fupi lenye kina kirefu, upande mmoja umeinuliwa kama kiti. Mhindi alinieleza kwamba lilikuwa la mama mmoja mzee wa Njoro.

Niliingia ndani ya lile fupi na buibui langu, nikakaa. Wapita njia watazame, shauri yao. Mgongo ukapata pa kuegemea, viwiko vikatulia kingoni, na nilikadiria maji yangefika kifuani. Magoti ndiyo yaliyokunjika. Hapo nikaingiwa na wasiwasi. Miguu ndiyo inayouma, je, ni vizuri ikunjwe?

"Mama, chukua hii kubwa," Mhindi akasema. "Hii iko ya mtu ya heshima. Hiyo ndogo hapana lala ndani."

"Na mlango wangu mdogo?"

"Mlango unavunja, unajenga ingine."

Nilikuwa nataka kumjibu ninavyojua mimi, ndipo mtu akasema nyuma yangu, "Lete uzi."

Nikatoka hodhini, nikageuka. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, amevaa kanzu. Nilimwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Alinyoosha mkono tu, na mimi, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikaingiza mkono kifuani nikampa. Ni baada ya kumpa ndipo nilipojiuliza amejuaje kwamba ninao. Kamba ya katani ndiyo iliyokuwa mkononi mwangu, ile ya bafu, na yeye hakuitupia jicho.

Halafu nikaona mambo mawili. Sisi wote tulikuwa weupe kwa vumbi kama tumekung'utiwa unga, na kanzu yake haikuwa na hata punje. Na mikono yake ilikuwa na udongo mbichi, mweusi, umemjaa kwenye kucha, siku ambazo mji mzima haukuwa na udongo mbichi wa kufinyanga hata chungu. Mvua ilikuwa imetusahau.

Akainama kwenye lile hodhi refu, akautandaza uzi. Fundo moja likagusa mwanzo, la pili likagusa mwisho. Haukuzidi, haukupungua.

"Hili linamtosha," akasema kwa sauti ya upole. "Atanyooka vizuri. Utamlaza kwa ubavu wa kulia."

"Kwa ubavu? Ndani ya hodhi?"

Akauliza, "Mama yake anaitwa nani?"

Jina la bibi yangu lilinijia hadi kwenye ncha ya ulimi. Wallahi, lilibaki pumzi tu litoke. Na hapo ndipo baridi iliponiingia mwilini.

Kwa asiyejua desturi yetu, nimweleze. Mtu akifa, kabla kaburi halijachimbwa, maiti hupimwa kwa uzi toka kichwani hadi kisiginoni, na uzi huo ndio cheo chake, kipimo anachopelekewa mchimbaji. Kaburini hulazwa kwa ubavu wa kulia. Na akishafukiwa, mwalimu huketi pale juu akamwita kwa jina la mama yake, amkumbushe majibu ya kuwapa malaika wa kaburini. Sasa niambie, mimi nilikuwa nimefanya nini mchana ule? Nilikuwa nimemlaza baba yangu, nikamnyoosha, nikachukua cheo chake angali anapumua, nikatoka nacho mlangoni. Na mwenye kazi yake alikuwa amekuja kukipokea.

Lakini mdomo wangu haujawahi kuniangusha.

"Sitaki hilo refu, mzee," nikasema. "Nachukua hili fupi."

"Hilo fupi hawezi kulala."

"Simtaki alale. Namtaka akae."

"Atachoka kukaa."

"Basi achoke!"

Nikaidaka ncha ya uzi iliyokuwa karibu nami, ile ya kichwani. Yeye akaishika ya miguuni. Nikavuta. Hakuvuta, alishika tu, na ilikuwa kama nimefunga uzi kwenye nguzo ya reli. Nikaona nikiendelea kubishana nguvu nitaachia. Nikainama nikauuma kwa meno, nikautafuna kama mbuzi mpaka ukakatika. Sehemu kubwa ikabaki kwangu. Yeye akakitazama kipande chake, akakizungusha kidoleni.

"Si haba," akasema.

Akatoka kwa lango, na vumbi likamfunika.

Mhindi alikuwa amesimama akitutazama muda wote huo. "Mzee yako amekasirika?" akaniuliza.

"Si wangu. Simjui."

Wafula akaacha kufunga kamba za mkokoteni. "Si wako namna gani, mama? Si tumetoka naye kwenu? Ametufuata nyuma toka mlangoni kwako. Mimi nilidhani ni baba mdogo."

Nilimwachia Wafula hodhi na mkokoteni nikakimbia. Nilikimbia njia nzima hadi Bondeni, buibui limepanda magotini, watu wananishangaa. Nilikuwa nikisema kitu kimoja tu, Mola nimkute, nimkute, nimkute. Nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amekunja uso.

"Nani alikuwa akinivuta mguu?" akaniuliza. "Mtu hawezi kulala nyumba hii?"

Nilimkumbatia mpaka akanisukuma. Kile kipande changu cha uzi nikakitia jikoni kwenye makaa. Ulikuwa uzi wa pamba, wa dukani, lakini ulinuka nywele zinazoungua. Niamini. Na kabla ya kuuchoma sikuthubutu kumsogelea Baba nao, nijue ulikatikia sehemu gani ya mwili wake.

Hodhi fupi liliingia mlangoni bila kuvunja hata tofali. Tukaliweka upande wa tundu la maji, ikabaki nafasi ya mtu mmoja kusimama na debe. Siku ya kwanza Baba aliingia kama anapelekwa jela. Maji yalipomfika kifuani akanyamaza, na kunyamaza kwa Baba si jambo dogo. Akaegemea, akaweka mikono kingoni, akafumba macho, na mimi nikamwambia kwa ukali afumbue. Baada ya wiki chache alikuwa ndiye anayenigombeza maji yakipoa. Mguu wa kushoto ukapata uhai. Rangi ikamrudi usoni. Akaanza kuzungumzia kwenda msikitini.

Ila mguu wa kulia. Nilikuwa nikiusugua ndani ya maji ambayo mkono wangu mwenyewe ulikuwa haustahimili moto wake, na juu ya goti ulikuwa wa mtu, chini ya goti ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Nikaongeza moto, nikaongeza chumvi, nikaongeza dua. Baridi haikushuka wala haikupanda. Ilikaa palepale kama mpaka wa shamba. Kila nikiugusa nilisikia ile "si haba" masikioni. Kisha kidole kikapasuka, pakawa na kidonda, na kidonda kikawa donda ndugu. Hospitalini wakatuambia mguu ukatwe chini ya goti au tumkose mzee mzima.

Ukakatwa. Baba akapona.

Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi, huzikwa. Salimu akaupokea ukiwa umefungwa kitambaa, akaupeleka makaburini peke yake, maana mimi nilikuwa nimekaa na Baba. Jioni akarudi, akaomba chai, akaketi kama mtu aliyeshukuru.

"Yule mzee uliyemtuma kuchimba," akaniambia, "Mungu ampe heri. Amenipunguzia kazi."

"Mzee gani?"

"Mlinzi wa makaburini amesema mzee huyo alifika alfajiri na kipande cha uzi, akachimba mwenyewe, hakutaka msaada. Nimeutia mguu, umeenea sawasawa. Sikuongeza hata jembe moja."

Sikuwa nimemtuma mtu. Kisa cha uzi sikuwa nimemwambia kiumbe yeyote, hata Salimu mwenyewe. Nilimmiminia chai ikafurika kikombe, ikamwagika mezani, naye akadhani ni uchovu.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akikaa ndani ya hodhi lake kila jioni, mbishi vilevile. Mimi ndiye niliyeharibika. Nikimkuta amelala chali nilimwinua nikamwekea mito, naye akinitukana. Mpaka leo fundi cherehani akinijia na tepu yake, nampa gauni langu la zamani alifuate, nami nasimama mbali. Na siku ya Baba ilipofika, siku ya haki, waliposema nani achukue cheo, nilitoka nje nikaziba masikio.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua hodhi la kuwekea ndani ya bafu dogo, nisikilize. Pima bafu. Pima mlango. Pima hata ukuta wa jikoni ukitaka. Mtu usimpime. Mchukue mwenyewe, hata kwa kumbeba, aende akalikalie, aseme kama mgongo umetulia. Na akilalamika kwamba ni fupi, usimsikilize. Mwache akunje magoti.